Risasi ya uzito wa greni 150 au 170 kwa kulungu wa vichakani?

Ndugu, nimekuelewa: una bunduki ya .30-30 yenye magazini ya bomba, unawinda kulungu Pennsylvania kwenye vichaka ambako huoni zaidi ya yadi 60, na umeanza kujijazia risasi mwenyewe. Kwa umbali huo 150 na 170 zote zinaua vizuri. Mimi hutumia 170, hupenya hadi upande wa pili, na kwenye majani makavu tundu la pili ndilo linalokuachia damu ya kufuata.

Ila angalia ncha kwanza. Ndani ya bomba risasi zimepangana, ncha ya hii imeegemea fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Ncha kali inaweza kuilipua humo humo. Nunua vichwa vya risasi vyenye ncha bapa.

Hayo ya risasi nzito kukata vichaka ni porojo. Niligonga kijiti cha unene wa kidole, kulungu akaniangalia tu. Subiri uwazi.

Baruti anza na kipimo cha chini kabisa kwenye kitabu cha mtengenezaji, na usichanganye aina mbili. Ganda la risasi likigoma kutoka au fataki ikibapaika, shinikizo limezidi: acha kupiga, mwone fundi bunduki.