Ukitafuta Shamba Pemba, Ulizia Kwanza Miti ni ya Nani

Haipiti wiki sijapata ujumbe wa aina hii kwenye simu: "Kaka, nasikia serikali inagawa ardhi kwa vijana wanaotaka kulima. Fomu zinachukuliwa wapi?" Aliyeuliza mara ya mwisho yuko Fuoni, aliyemtangulia yuko Muscat na anataka kurudi nyumbani. Nami huwajibu kwa swali: unataka ardhi, au unataka kulima? Hapa kwetu hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na mie nilipoteza zaidi ya shilingi milioni moja kabla sijaujua mpaka wake.

Nianzie kwenye hizo pesa. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli za Nungwi, nilikuwa nimeshakaa jikoni miaka sita. Nikapanda boti nikarudi Wete na akiba yangu, nia yangu ni kulima mboga zile zile nilizokuwa nikizimenya. Jamaa mmoja akaniuzia eka moja kutoka kwenye eka tatu za marehemu babu yake. Tukaandikishana kwenye daftari la skuli, mashahidi wawili, tukala haluwa, tukaagana.

Miezi minne baadaye niko konde napalilia muhogo, akatokea mama wa makamo na vijana wake wawili. Hakuja kwa ugomvi. Alisimama kwenye kivuli cha mfenesi, akavuta pumzi, akaniuliza, "Mwanangu, hapa nani kakutia?" Nikamtaja. Akatikisa kichwa: "Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Sisi warithi tuko tisa, na mirathi hatujaifungua."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwa lazima. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa serikali, na kuanzia 1965 maelfu ya familia zilizokuwa hazina shamba zikapewa eka tatu tatu. Ukiniuliza mie, huo ndio msaada mkubwa kabisa ambao serikali ya hapa imewahi kumpa mkulima mpya. Babu zetu ndio waliokuwa wakulima wapya wenyewe. Lakini eka tatu zilitolewa kwa masharti: walime, warithiane, wasizikatekate vipande wala kuziuza watakavyo. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 nayo haikuyaacha mambo yawe holela. Anachomiliki Mzanzibari ni haki ya kuitumia ardhi, na ardhi yenyewe ni ya umma. Kwa hiyo mie nilinunua kipande kisichokatika, kutoka kwa mmoja katika tisa. Yule jamaa alinirejeshea laki nne. Zilizobaki, mpaka leo ni inshaallah.

Basi ukionyeshwa shamba, usiulize bei. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia hiyo, umuulize lile shamba limekujaje: ni eka tatu, ni la kununua, ni la kiambo (la ukoo mzima), ni wakfu, au ni la serikali? Kama ni wakfu, usipoteze nauli tena, haliuzwi. Kama mwenyewe ameshafariki, uliza kama mirathi imefunguliwa na warithi ni wangapi, pamoja na walioko Unguja, Tanga na Arabuni, na usiwasahau wanawake walioolewa mbali, maana hao ndio wanaosahauliwa kila siku na ndio wanaokuja kusimama chini ya mfenesi. Kisha zunguka mipaka yote minne, uzungumze na jirani wa kila upande. Wazee wa Pemba hawatakwambia "usinunue", ila ukimuona mzee anakohoa na kubadilisha mazungumzo, umeshajibiwa. Na kama mambo yote yako sawa, mauziano hayaishii kwenye daftari la skuli. Kuna Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, iliyowekwa na sheria ya 1994 ili iidhinishe ardhi kutoka mkono mmoja kwenda mwengine, na kuna Kamisheni ya Ardhi kwa mambo ya usajili. Ni mlolongo, najua. Hauchoshi kama kesi ya warithi tisa.

Sasa miti. Hili wageni wa kilimo hawalijui, na hata sisi tuliozaliwa hapa tukakulia mahotelini tunalisahau. Visiwani kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Unaweza ukakuta konde la fulani, minazi ya fulani mwengine, na mikarafuu imekodishwa kwa msimu kwa mtu wa tatu kutoka Mkoani. Na mtu akiruhusiwa kulima muhogo au viazi, ile ni ruhusa ya muda tu. Akipanda mti wa kudumu, ameshaanza kudai.

Nililijua hili kwa aibu. Baada ya hasara ile, mjomba wangu mmoja (si wa damu, ni rafiki wa marehemu mama) alinipa robo tatu ya eka nje kidogo ya Wete nilime bure. Udongo wa kinongo, mwekundu, laini, ukiutia jembe linazama lenyewe. Mwaka ule ule nikapata miche ya mikarafuu inayotolewa kwa wakulima. Nikaona fadhila ilioje, nikampandia miche arubaini pembezoni mwa konde, hata kumwambia sikumwambia. Nilidhani nampamba.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu yake imenyooka. Akapita kwenye ule mstari mche kwa mche, anahesabu kwa fimbo. Alipofika mwisho akaniita.

"Muhogo ukishakomaa hung'oka, sivyo?"

"Ndivyo, mjomba."

"Na mkarafuu?"

Nikakosa la kusema.

"Mkarafuu utanizika mie, utakuzika na weye, kisha watoto wangu na watoto wako wapelekane mahkamani. Ing'oe leo."

Niliing'oa yote arubaini mpaka magharibi, nikaipeleka uani kwa dada yangu kwenye makopo ya maziwa. Ishirini na mbili ilikufa. Nilimchukia mjomba kama mwezi mzima, kisha nikaelewa kwamba yeye hana uchoyo, ana khofu. Na khofu hiyo ndiyo inayoacha makonde mangapi Pemba yameota magugu huku vijana wanatafuta pa kulima. Mwenyewe hana nguvu ya kulima, watoto wako mjini, lakini akimuingiza mtu, akija kumtoa atamtoaje?

Juu ya khofu kuna uhaba. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Visiwa ni vile vile, na upande wa Micheweni sehemu kubwa ni maweni, jiwe juu na udongo mfukoni. Ndiyo maana kila anayeniuliza habari za fomu namwambia asisubiri kugaiwa. Ule mpango wa kilimo wa vijana unaoitwa BBT, uliowakusanya kwenye mashamba makubwa ya pamoja kama Chinangali kule Dodoma, ni wa Bara. Kilimo si jambo la Muungano, ardhi vile vile, na hapa hakuna pori la kutosha kuanzisha Chinangali yetu.

Nchi nyengine nazo zina hangaiko hili hili. Marekani shirika la serikali la mashamba lina mkopo ambao mkulima anayeanza hutoa asilimia 5 ya bei, serikali ikamkopesha mpaka asilimia 45, na kilichobaki akatafuta benki. Ufaransa kuna mashirika yanaitwa SAFER, yaliyotokana na sheria ya 1960, yenye haki ya kuwahi kununua shamba linalouzwa ili lisiangukie mikono isiyolima. Lakini iliyonishika mie ni ya jimbo la Nebraska, huko huko Marekani. Tangu 1999 wana sheria ya kumpunguzia kodi mwenye shamba akimkodisha mkulima anayeanza kwa mkataba wa miaka mitatu. Umeona? Motisha kapewa mzee. Wamejua mwenye ufunguo ni nani. Laiti na sisi tungemfikiria mjomba katika mipango yetu, japo kwa kumuandikia mkataba wa bure wenye muhuri.

Kwa sasa huo mkataba jiandikie mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo faida ilipo.

Nilirudi kwa mjomba na karatasi moja, nimeiandika kwa mkono. Muda: miaka mitatu, na ikimalizika naondoka baada ya kuvuna kilichopo. Mazao: tungule, bilingani, bamia, matango na muhogo, na hakuna mti wa kudumu utakaopandwa na mie, hata mpapai. Nazi zote ni zake, hata iliyoanguka usiku mbele ya mlango wa banda langu. (Hili la nazi alilitia yeye, na usilicheke, ugomvi mwingi huanzia hapo.) Kisima nikichimba kitabaki, pampu nitaondoka nayo. Kodi ni laki moja kwa mwaka, pamoja na kufyeka chini ya mikarafuu yake kila kabla ya msimu. Mmoja wetu akifa, mazao yaliyomo yaachwe mpaka yavunwe. Masharti sita, upande mmoja wa karatasi.

Alipoyasoma aliomba miwani akayasoma tena. Nikamwambia: mjomba, sitaki saini yako peke yako. Nataka na ya mwanao mkubwa, na ya binti yako aliyeolewa Chake. Akacheka, akasema umeshafundishwa na yule mama wa mfenesi. Tukapeleka kwa sheha, nakala tatu, akashuhudia akagonga muhuri. Gharama yote ilikuwa fotokopi na kilo ya sukari.

Na hapa ndipo inapoingia misaada ya serikali, maana ipo, ila mingi hukuta mtu ameshasimama mahali. Nilipokwenda kuulizia mkopo, kabla sijakaa sawa kwenye kiti niliulizwa, "Shamba liko wapi na una nini cha kuonyesha?" Nikaitoa ile karatasi. Sisemi itatosha kwa kila mkopeshaji, lakini ilinipa la kuonyesha. Vijana wengi wanaujua Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, ulioanzishwa 2022. Nendeni, lakini nendeni mkiwa kikundi na mkiwa na konde. Bwana shamba wa shehia naye haji kumtembelea mtu mwenye nia tu, huja palipo na tuta. Skuli ya wakulima tuliyoianzisha, watu kumi na nane, ilikutana kwenye konde langu kwa sababu lilikuwa na muda unaojulikana.

Anayetaka mpunga njia yake ni nyengine, na pengine ni nyepesi zaidi. Mabonde ya umwagiliaji, kama Makwararani na Mlemele huku Pemba, au Cheju na Kibokwa Unguja, yaliyomo kwenye mradi wa mkopo wa Benki ya Exim ya Korea, yana kamati zao za wakulima. Huko huhitaji kununua. Ulizia kwa sheha na kwa kamati kama kuna aliyeshindwa na sehemu yake, na uwe tayari kuanza na kipande kidogo cha mwisho wa mfereji, pale maji yanapofika yakiwa yamechoka. Matrekta na pembejeo za ruzuku hupangwa kwa bonde, kwa hiyo ukiwa ndani umo, ukiwa nje utaliona trekta likipita.

Kuhusu mikarafuu, najua ndiyo ndoto ya kila mtu, khasa tangu ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ilipoanza kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Lakini mkarafuu hungoja miaka mitano, sita, hata zaidi kabla ya kukupa kitu. Huo hupandwa kwenye ardhi ambayo haki yake ni yako au ya familia yako, na familia nzima inajua. Ile miche yangu kumi na minane iliyopona ipo kwenye shamba la urithi wa mama. Tulikaa kitako ndugu watano, tukaandikishana, ndipo nikatia jembe.

Mkataba wa kwanza na mjomba ulimalizika, tukaongeza miaka mitatu mengine kwa masharti yale yale, ila nazi zinazoanguka mbele ya banda sasa ni zangu. Msimu wa vuli uliopita alimtuma mjukuu wake konde asubuhi, hata umande haujakauka. Mtoto kaja mbio, kashika madaftari ya skuli kifuani. "Babu anasema rafiki yake wa Mtambwe ana eka mbili zimelala, kuna kijana anamuomba alime. Anasema umpe ile karatasi ya masharti sita akatoe kopi."

Nikampa. Nilimwambia airudishe kabla ya adhuhuri.