Papa wa baharini, Papa wa Roma na papa hapa: je, ni neno moja?

SWALI: Mwalimu, tangu achaguliwe Papa Leo XIV tumekuwa na ubishi katika jumuiya yetu ndogondogo hapa Moshi. Mzee mmoja anasema kiongozi wa Kanisa Katoliki anaitwa Papa kwa sababu Wakristo wa mwanzo walitumia alama ya samaki, na papa ndiye samaki mwenye nguvu. Mama mmoja akampinga: asili yake ni “papa hapa”, yaani yeye anakaa papa hapa alipokaa Petro. Nani kasema kweli? Je, ni sahihi kusema Mapapa, na je, Papa na Baba Mtakatifu ni kitu kimoja?

JIBU: Ndugu msomaji, mzee na mama wote wawili wametoa maelezo yanayopendeza, lakini hakuna aliye sahihi. Alichosema mzee kuhusu samaki kina ukweli nusu. Wakristo wa kale walichora samaki kweli, kwa kuwa herufi za neno la Kigiriki la samaki, ichthys, ni herufi za mwanzo za maneno “Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi”. Ila neno hilo ni ichthys, si papa, na Wagiriki na Warumi wale hawakujua Kiswahili. Tulicho nacho hapa ni maneno matatu yasiyo na undugu, yaliyokutana katika sauti zile zile. Maneno ya namna hiyo wanaisimu huyaita homonimu. Hayo ni tofauti na polisemi, ambapo neno moja lenye asili moja linazaa maana kadhaa. Ukishaipata tofauti hiyo, ubishi wenu umekwisha.

Tuanze baharini, maana huko neno lina maisha marefu. Papa ni jina la jumla. Chini yake wavuvi wana majina mengi. Huko Mafia, papa mkubwa kupita samaki wote duniani, yule mwenye madoa meupe mgongoni na asiyemdhuru mtu, wanamwita potwe. Wavuvi wa pwani ya Kenya wanamwita papa shilingi. Wanasimulia kwamba Mungu alipomwona anavyopendeza alimtupia shilingi, na shilingi zile ndizo madoa tunayoyaona. Na papa si wa majini tu, ni wa jikoni pia. Zamani majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalileta papa mkavu kutoka pwani ya Arabuni. Harufu yake ilitangulia sokoni kabla ya mzigo wenyewe kufika. Mpaka leo Unguja na Mombasa kuna watu wanaomloweka usiku kucha chumvi itoke, wakamchambua, wakamwungia tui la nazi. Asiyezoea atakimbia harufu, lakini aliyezoea hatabakiza kitu sahanini.

Kutoka kwa samaki huyu Kiswahili kimezaa maana nyingine, na hapa ndipo polisemi inapoonekana kwa macho. Mwaka 2009 mfanyabiashara marehemu Reginald Mengi alizungumza hadharani kuhusu “mafisadi papa”, na usemi huo ukaenea Tanzania nzima. Haukupita muda ukajibiwa kwa “fisadi nyangumi”. Siku hizi mtu akilalamika kwamba polisi wanakamata dagaa na kuwaacha mapapa, hakuna anayefikiria wavu wala ngalawa. Maana imehama kutoka kwenye mnyama mkubwa mlaji kwenda kwa mtu mkubwa mlaji. Huo ndio undugu wa kweli wa maana: unaweza kuonyesha njia iliyopitwa kutoka moja hadi nyingine. Kati ya samaki na askofu wa Roma hakuna njia kama hiyo.

Sasa twende kwa “papa hapa”, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hapa hatuna nomino kabisa. Kiswahili kinapotaka kutia mkazo kwenye kionyeshi, huchukua silabi ya ngeli, huirudia, halafu huitanguliza. Kutoka huyu tunapata yuyu huyu, kutoka hawa ni wawa hawa, hiki kinatoa kiki hiki, na hizi zinatoa zizi hizi. Vivi hivi, tunayoitamka kila siku bila kuifikiria, imetoka kiwanda hicho hicho. Kwa mahali ni papa hapa, kuku huku na mumu humu. Ukienda kwenye vionyeshi vya -o utakuta papo hapo, kuko huko na momo humo. Kwa hiyo pa mbili za “papa hapa” ni ngeli ya mahali iliyorudiwa tu. Ngeli hiyo ni ya kale sana katika lugha za Kibantu. Washona na Wachewa wanayo kwa sauti ya p kama sisi. Kwa Wakikuyu imekuwa ha, nao husema haha kwa maana ya hapa. Waganda wameifanya wa, ndiyo maana hapa kwao ni wano.

Mpangilio huu una ajali zake nzuri. Sentensi “Tunafuga kuku kuku huku” ni sahihi kabisa: kuku wa kwanza ni ndege, wa pili ni mkazo. Vilevile muuza samaki akikuambia “Papa anauzwa papa hapa”, hana kigugumizi. Sarufi yenyewe inakuonyesha kwamba haya ni maneno tofauti. Papa samaki anachukua vipatanishi vya viumbe, papa mkubwa, papa wawili, papa ameliwa. Papa ya “papa hapa” haichukui kivumishi na haisimami peke yake. Huwezi kusema “nimeketi papa” ukaeleweka. Tena kamusi zetu zina kitenzi kupapa, cha moyo unaodunda kwa hofu, ambacho nacho kina njia yake.

Niongeze kwamba baadhi ya walimu huwakosoa wanafunzi wanaosema “hapa hapa” badala ya “papa hapa”. Mimi siwaungi mkono. Zote mbili ni Kiswahili kizuri, ila ya pili ina nguvu zaidi na ni hasara kuiacha ipotee katika maandishi ya vijana.

Papa wa Roma alikuja kwetu na wamisionari, na safari ya neno lake ilianzia mdomoni mwa mtoto. Katika Kigiriki cha kale mtoto mdogo alimwita baba yake pappas. Kilatini kikalichukua kwa umbo la papa, na waumini wakaanza kuwaita hivyo maaskofu wao kwa heshima na mapenzi. Tazama kwamba ni maaskofu, kwa wingi. Katika karne ya 3 Heraklas, askofu wa Aleksandria nchini Misri, anatajwa kwa jina la papa katika barua ya Dionisio aliyemrithi. Jina hilo halijaondoka Aleksandria mpaka leo. Wakopti wa Misri wana Papa wao, na mkuu wa Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki hubeba cheo cha Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika yote. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini ya Patriaki huyo, kwa hiyo nao wanaye Papa, na si wa Roma. Kwa Wakristo wa magharibi ndiko neno lilikofungwa polepole kwa askofu wa Roma pekee. Kufikia mwaka 1075, katika maandishi ya Papa Gregori VII, tunasoma kwamba jina hilo ni la pekee duniani. Wagiriki wenyewe walibaki na utaratibu wao: papas, mkazo ukiwa mwishoni, ni padri wa kawaida wa kijijini, naye akiwa na mke na watoto kama ilivyo kwao. Ndiyo asili ya jina la ukoo Papadopoulos, yaani mtoto wa padri.

Kwa hiyo Papa na baba ni maneno yenye maana moja tangu mwanzo, na mnapotamka “Baba Mtakatifu” mnakuwa karibu na kiini cha neno kuliko mnavyodhani. Waarabu, ambao lugha yao haina sauti ya p, humwita Papa al-Baba. Lakini nawaombeni msiruke kusema kwamba baba ya Kiswahili imetoka kwenye pappas ya Wagiriki. Mwaka 1960 mwanaisimu Roman Jakobson aliandika makala yanayosomwa hadi sasa akieleza kwa nini mama na papa, au maneno yanayofanana nayo, yanapatikana katika lugha zilizo mbali mbali kabisa. Sauti za m, p na b hutengenezwa na midomo miwili tu, na a ni kinywa kilichofunguka. Ndizo rahisi kwa mtoto mchanga. Mtoto anabwabwaja, wazazi wanazipa sauti zile maana. Na kwa kuwa ni wazazi wanaogawa maana, mgao hubadilika: huko Georgia, kwenye milima ya Kaukazi, mama ni baba, na mama mzazi anaitwa deda.

Majirani zetu wa Kongo wana papa wa nne, aliyeingia kwa mlango wa Kifaransa. Lubumbashi na Bukavu mwanamume mwenye heshima zake anaitwa papa, hata kama si mzazi wako, sawa na sisi tunavyosema baba au mzee. Ndiyo maana mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki Abidjan mwaka 2016, alibeba papa mbele ya jina lake, na hakuna Mkongo aliyemdhania askofu wala samaki. Papa huyu na yule wa Roma ni ndugu wa mbali, kwa sababu wote wanarudi kwenye ile sauti ya mtoto anayemwita baba.

Ukitoka nje zaidi utakuta umbo hili limekaliwa na wengine wasiotuhusu. Wahispania wana mfano unaofanana sana na wetu. Kwao el papa ni Papa wa Roma, na la papa ni kiazi mviringo kwa watu wa Amerika ya Kusini, neno walilolipata kwa Wakechua wa milima ya Andes. Papá, mkazo mwishoni, ni baba. Jinsia ya kisarufi inawatenganishia kazi kama ngeli inavyotutenganishia sisi. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, papa, kwa a ndefu ya kwanza, ni dhambi, na Wamalei wamelipokea kwa maana ya ufukara. Kwa Wamaori wa New Zealand papa ni ardhi, na Papatūānuku ndiye dunia iliyo mama wa wote. Marubani nao husema “Papa” redioni wanapotaka kutaja herufi P. Tunda letu papai halimo kabisa katika ukoo huu: jina lake lilitoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, Wahispania na Wareno wakalisambaza pamoja na mbegu, ingawa Mbrazili akisema papai anamwita baba yake.

Nimalizie maswali yenu mawili ya matumizi. Papa na Baba Mtakatifu ni mtu yule yule. La kwanza linafaa habari, historia na orodha, la pili ni la heshima na ibada, na si kosa kuyachanganya katika makala moja. Wingi ni Mapapa: Mapapa wa karne ya 20, Mapapa waliofika Kenya. Wingi wa samaki kwa kawaida ni papa, papa watatu, na ukisema mapapa kwa samaki unakuza ukubwa wao. Papa wa Roma aandikwe kwa herufi kubwa kila mara, hata akitajwa bila jina. Na kwa jina la sasa uangalifu uongezeke, kwa sababu Leo, ambalo kwa Kilatini ni simba, limegongana na leo yetu. Kichwa cha habari kinachosema “Papa Leo kuzungumza na vijana” kinasomeka kwa namna mbili, hasa vichwa vinapochapwa kwa herufi kubwa tupu. Mwandishi aweke namba, Papa Leo XIV, na siku aitaje kwa jina lake: Jumatano, Jumapili.