Maji machafu ya Agosti si kifo cha matumbawe: jibu kwa aliyezamia Malindi asione kitu

Ndugu yetu wa Nairobi ameeleza kwamba alifika Malindi mwezi wa Agosti, akalipia kuzamia kwa mtungi wa hewa siku mbili mfululizo, akashuka hadi kwenye mwamba, na asione zaidi ya mikono yake na kivuli cha mwongozaji wake. Amekata shauri kwamba matumbawe ya huku yamekufa yote. Anauliza kama kuna maana ya kurudi mwezi wa Februari pamoja na mkewe, ambaye hajui kuogelea, au afadhali waende Lamu moja kwa moja. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuwashusha wageni chini ya maji hapa kwetu na Watamu, kwa hivyo nitamjibu kwa ninayoyaona kazini. Aliyoyaona yeye ni maji ya kusi. Kuhusu matumbawe yenyewe ana haki kidogo, nami nitayafikia.

Upepo wa kusi huanza kuvuma kuanzia Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, na makali yake huwa Juni, Julai na Agosti. Wimbi lake linatoka mbali baharini, linavunjikia kwenye ukingo wa mwamba, na mchanga wote uliotulia kati ya matumbawe unanyanyuka na kubaki ukielea. Mzamiaji anayeshuka wakati huo huona weupe mtupu mbele ya miwani yake. Ndiyo sababu wenye boti za kuzamia wengi hufunga kazi katika miezi hiyo, wakazipandisha boti nchi kavu na kuzikarabati, na wavuvi wa mashua ndogo nao hawatoki nje ya mwamba ila siku moja moja. Anayekuuzia safari ya kuzamia katikati ya Agosti bila kukutajia upepo amekuuzia nusu ya habari. Jambo la pekee ambalo kusi hulitoa kwa ukarimu ni nyangumi wenye nundu, ambao kati ya Julai na Septemba hupita mbele ya Watamu wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa, lakini hao hutazamwa ukiwa juu ya boti.

Hata hivyo, si kweli kwamba kusi ikiisha tu maji ya Malindi hung'aa, na hapa ndipo wageni wengi hukosea kwa sababu vitabu vya utalii huandika "Oktoba hadi Machi" kana kwamba miezi hiyo yote ni sawa. Tuna mto. Huo mnaouita Athi huko juu kwenu ndio uleule unaoitwa Galana ukipita Tsavo, na ndio Sabaki unapoingia baharini kaskazini kidogo ya mji wetu. Unabeba udongo wa mashamba ya Ukambani, na maji ya Mto Nairobi nayo yamo humo, kwa hiyo unapolalamikia uchafu wa bahari yetu, ndugu yangu, tulalamike pamoja. Wakati wa kusi mkondo wa bahari huelekea kaskazini na kuuchukua udongo huo upande wa Mambrui. Wakati wa kaskazi, yaani upepo wa kutoka kaskazini mashariki, mambo hugeuka: upepo unausukuma uje upande wetu, ndani ya ghuba ya Malindi na juu ya mwamba wa hifadhi. Mvua za vuli zinapokuwa nzito mwezi wa Novemba na Desemba, mto hufurika wakati uleule ambao upepo umekwisha kugeuka, na hapo maji ya Malindi hugeuka kahawia ingawa bahari imetulia tuli.

Kwa hivyo wakati mzuri wa Malindi ni mwembamba kuliko inavyosemwa. Nikiulizwa mimi, nitaitaja Januari, Februari na nusu ya kwanza ya Machi, vuli zikiwa zimekwisha, mto umepungua, na masika hayajaanza. Maji ya juu huwa na joto la karibu nyuzi 28 au zaidi, ilhali Agosti hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Watamu ina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu iko kusini zaidi na udongo wa Sabaki hauifikii kwa wingi. Oktoba, wakati wa maleleji, upepo unapobadilika, mara nyingi Watamu huwa na maji safi sana huku Malindi ikiwa ya kubahatisha. Sisi wenyewe wa Malindi huwapakia wageni kwenye gari asubuhi na kuwapeleka Watamu siku ambazo mto umechafua, na mwongozaji anayekwambia hivyo wazi usimdhanie mvivu.

Baada ya upepo na mto kuna maji kujaa na kupwa, na hili wageni kutoka bara hulisahau kabisa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapofika kumi na nne, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Maji mengi kiasi hicho yakitoka kwa saa sita hivi kupitia milango ya mwamba, huwa ni mkondo hasa, na huondoka na tope la mikoko na la ndani ya mwamba. Maji yanapojaa, kinyume chake, huingia maji ya kilindini yaliyo safi na ya buluu. Mzamiaji mwenye busara huchagua siku za maji mafu, ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na ndani ya siku hizo huchagua saa ambayo maji yanajaa. Pale kwenye mapango ya mdomoni mwa hori la Mida, huko Watamu, ambako tewa wakubwa hukaa, hakuna kuchagua: unashuka katika muda ule mfupi ambao maji yamesimama, na yakianza kuvuta unatoka, hata kama tewa ndiyo kwanza anajitokeza kukutazama.

Sasa nije kwenye swali la kifo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida kutokana na El Niño, na matumbawe ya pwani yote ya Kenya yakapauka. Tumbawe ni mnyama anayeishi na vijimea vidogo sana ndani ya mwili wake. Vijimea hivyo ndivyo vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto kwa majuma kadhaa, huvitoa, naye hubaki mweupe. Asipovipata tena mapema, hufa kwa njaa. Mwaka huo sehemu nyingi za pwani yetu zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai, na tangu hapo joto limerudi mara kadhaa, ukiwemo mwaka 2016 na 2024. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mwamba wa Malindi ni uleule wa zamani, usikubali. Ila kupauka si kufa, na kufa kwa tawi moja si kufa kwa mwamba. Tumbawe jeupe linalong'aa bado lina uhai. Lililokufa huvaa mwani wa rangi ya udongo au kijani na huonekana kama jiwe lililosahauliwa. Ukishuka Februari tazama ncha za matawi: zikiwa na rangi hafifu kuliko shina, mara nyingi hapo ndipo tumbawe linapokua. Tazama pia yale makubwa ya mviringo, yenye umri mkubwa kuliko wa babu zetu, ambayo kwa jumla yalistahimili joto kuliko yale ya matawi.

Kinachoupa mwamba nafuu ni samaki, na hili ndilo jambo ambalo ningependa mgeni alione kwa macho yake. Yuko samaki anayeitwa kikande, mwenye umbo bapa na meno ya kuvunjia. Mmoja wa jamii yake ana mistari ya rangi ya machungwa iliyolala mshazari mwili mzima. Huyo ndiye anayewala kwa wingi wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaowachoma watu miguuni maji yakipwa. Ukitulia bila kupiga mapezi unaweza kumwona akimkabili mmoja: anapuliza maji kwa nguvu, anamng'ata mwiba pembeni, anamvuta, mpaka anamgeuza chini juu, kisha anashambulia upande wa mdomo ambako miiba ni mifupi. Pale ambapo vikande wamevuliwa wakaisha, wale wa miiba huongezeka na kuuchimba mwamba wenyewe wakitafuta mwani. Watafiti walioulinganisha mwamba wa hifadhi zetu na ule unaovuliwa waliliona jambo hilo, na hata asiye mtafiti akizamia ndani ya mpaka kisha nje yake ataliona.

Kisha kuna pono. Huyu utamsikia kabla hujamwona, kwa kuwa chini ya maji sauti husafiri vizuri na mdomo wake unapokwangua jiwe hutoa mlio wa kutafuna karanga kavu. Anakula mwani pamoja na chokaa ya tumbawe, na baadaye hutoa nyuma yake wingu jeupe la mchanga. Sehemu ya mchanga tunaoutandikia mikeka Watamu imepitia tumboni mwake. Mbali na hao utawaona changu, tasi, kangaja na kolekole. Mkunga akiwa amejikunja tunduni na mdomo wazi, ambao huufungua ili apumue wala si kwa hasira. Na pweza, ukijaliwa macho ya mvuvi. Kasa wa kijani na ng'amba wapo Watamu kwa hakika, na hapo lipo shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997, ambalo hupokea kasa walionaswa kwenye nyavu za wavuvi, likawatibu wanaohitaji na kuwarudisha baharini. Papa shilingi, yule mkubwa mwenye madoa asiye na madhara, huja zaidi miezi ya kaskazi, lakini anayekuahidi kwamba utamwona anakuuzia maneno.

Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za bahari barani Afrika, na zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ndani ya hifadhi hakuna kuvua wala kuokota kombe. Katika eneo la akiba linalozizunguka, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Ada hulipwa kwa mtandao, kwa hivyo usimpe mtu noti mkononi ufuoni. Ninalochukia, na wenzangu wa boti zenye sakafu ya kioo watanisamehe, ni ile desturi ya kuwarushia samaki mkate ili wageni wapige picha. Samaki aliyezoea mkate huacha kula mwani, na mwani ndio unaolifunika tumbawe.

Kuhusu shemeji yetu asiyejua kuogelea: cheti cha kwanza cha kuzamia hudai kwamba mtu aweze kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, kwa hiyo asianzie hapo. Mvalishe jaketi la kuokolea, apande boti, na ashuke kwa miwani na mrija akiwa ameshika boya pamoja na mwongozaji. Kwa ajili yake chagua saa iliyo kinyume na yako, yaani maji yakiwa yamepungua kiasi, kwa sababu wakati huo mwamba wa nje unayazuia mawimbi na bustani ya matumbawe iko karibu na macho yake. Yasiwe yamepwa mno, kwani atakayechoka atasimama juu ya tumbawe, na mguu mmoja huvunja kilichokua kwa miaka.

Lamu ina uzuri wake na sitaki kugombana na Waamu. Lakini ni nchi ya mikoko, ikiwa na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na maji yanayopita kwenye milango yake huwa mazito. Pia iko mahali ambapo, wakati wa kaskazi, mkondo unaotoka upande wa Somalia hukutana na wetu, hivyo matumbawe yake yametawanyika kwa mafungu badala ya kuwa ukuta mmoja mrefu. Wanaozamisha watu kwa mtungi ni wachache. Nendeni kwa mashua hadi kisiwa kidogo cha Manda Toto mkaogelee kwa mrija, mle samaki, mrudi mjini. Kiunga, ambayo ni eneo la akiba la bahari tangu 1979, iko mbali zaidi na inataka maandalizi yake. Kwa kuzamia hasa, Februari njooni Watamu, na Malindi iwe siku ambayo mto umekubali.

La mwisho ni la ratiba. Watu wa Nairobi mna tabia ya kuzamia asubuhi na kupanda ndege jioni. Mwili uliokaa kwenye shinikizo la mita 15 au 18 umejaza naitrojeni ambayo hutoka polepole, na ndege hupunguza shinikizo ghafla kabla haijamaliza kutoka. Baada ya kuzamia zaidi ya mara moja, subiri angalau saa 18. Nunua tikiti ya alasiri ya siku inayofuata, na asubuhi hiyo mkatembee kwenye magofu ya Gede.