Mama mkwe wako anajua anachokisema

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Bweyogerere, na mimba yangu ya pili ina wiki 27. Mume wangu anaendesha lori la Juba, nyumbani analala siku nne kwa mwezi. Wifi yangu ni muuguzi Leicester, Uingereza. Ameshikilia nichomwe chanjo ya kifaduro, kile kikohozi kikali, kabla sijajifungua, eti huko wajawazito wote hupewa, na pesa amemtumia kaka yake bila hata kuniuliza. Mama mkwe yuko Koboko, naye anapiga simu kila siku. Ana hadithi zake za mtoto wa mwezi mmoja aliyemfia kwa kikohozi huko Zaire walikokimbilia vita. Kliniki nimeshachomwa sindano ya pepopunda, naona inatosha, na jirani yangu ananiambia sindano hizi zinafunga kizazi. Mume wangu yuko upande wao, ananiita mkaidi. Je, mwili huu ni wangu au ni wa ukoo wao? – Mwenye Mwili*

Marahaba, mwanangu. Mwili ni wako, hilo sikubishii, na hakuna atakayekushika mkono akuchome kwa nguvu. Pole pia kwa kulala peke yako na mimba ya miezi sita huku mwenzio yuko kwenye foleni ya malori mpakani Elegu. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako tumeifupisha, ile yenyewe ina kurasa nne. Nimekaa nayo na kalamu, nikahesabu. Wifi umemtaja mara kumi na tisa: gari lake, picha zake, sauti yake ya kujiona, pesa zake. Mtoto aliye tumboni umemtaja mara mbili. Mtu anayeogopa sindano huandika juu ya sindano. Wewe umeandika juu ya wifi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa hiyo nakwambia wazi: laiti ushauri huu ungetoka kwa dada yako wa kuzaliwa, ungekuwa umeshachomwa.

La jirani tulimalize haraka. Katika barua nzima umesema ulichomwa sindano ya pepopunda hata katika mimba ya kwanza. Leo una mimba ya pili. Kizazi kilichofungwa ni kipi? Uvumi huo ni mzee, mwaka 2014 ulivuma sana kwa wenzetu Kenya kuhusu chanjo hiyohiyo ya pepopunda, na wanawake wakaendelea kuzaa.

Sasa hilo la "inatosha", kwa maana hapo ndipo umekosea bila ubaya wowote. Sindano wanayokupa kliniki za serikali ukiwa mjamzito ni ya pepopunda na dondakoo. Kifaduro hakimo. Mtoto wako atachanjwa kifaduro kwa mara ya kwanza akifikisha wiki 6, halafu wiki ya 10, halafu ya 14. Kabla ya wiki 6 hana kitu. Na ndizo wiki ambazo shangazi, majirani na watoto wa uani wote wanataka kumpakata na kumbusu.

Chanjo anayokuambia wifi wako inaziba wiki hizo. Ukichomwa, mwili wako hutengeneza kinga, wiki mbili hivi, na kinga hiyo hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, akazaliwa nayo. Ndiyo maana hutolewa katika kila mimba, kwa sababu ile ya mimba iliyopita huwa imepungua. Waingereza walianza Oktoba 2012, baada ya kifaduro kurudi kwa kishindo na kuua watoto wachanga 14 England na Wales mwaka huo mmoja, katika nchi ambayo oksijeni iko kila wodi. Leo wanaichoma kuanzia wiki ya 16, na wanapenda iwe kabla ya wiki ya 32. Marekani wanasema kati ya wiki ya 27 na ya 36. Wewe umo ndani ya vipindi vyote viwili. Watoto wa mama waliochanjwa walionekana kukingwa kwa karibu asilimia 90 katika miezi ile ya mwanzo. Kuhusu usalama, walifuatiliwa wajawazito zaidi ya 20,000 waliochanjwa Uingereza, na watoto waliozaliwa wafu hawakuzidi wale wa wanawake ambao hawakuchanjwa. Mkono utauma siku moja mbili, labda homa kidogo na uchovu. Hamna kijidudu hai ndani yake.

Kifaduro cha mtoto mchanga nimekiona kwa macho yangu. Ilikuwa Bombo, usiku, nyumba ya jirani, mtoto wa wiki nne. Usidhani alikuwa na ule mlio wa jogoo tunaoujua kwa wakubwa. Alikunja miguu, uso ukamvimba, midomo ikageuka rangi ya zambarau, kisha kimya. Mama yake akampuliza usoni, akamgonga nyayo kwa kidole, na sisi wanawake watatu tukahesabu kwa sauti pamoja naye. Pumzi ilirudi kwenye tisa. Baada ya robo saa ikaanza tena. Alfajiri walimpeleka hospitali, na Mungu alimrudisha, lakini mama yule hakulala usingizi mzima kwa miezi miwili, alikuwa akiweka kidole chini ya pua ya mwanawe kila anapogeuka. Dawa zipo, ila kikohozi kikishashika, hata dawa haikifupishi sana. Kinakwenda kwa wiki na wiki.

Basi nirudi kwa mama mkwe wako. Umemwandikia mstari mmoja, ukaita "hadithi zake". Mwanangu, mstari huo ndio ulionifanya niache barua nyingine zote wiki hii. Watu wa Koboko waliokimbilia Zaire walitoka huko na mafurushi kichwani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpango wa taifa wa chanjo hapa Uganda ulianza 1983. Mama huyu alimzika mtoto wa mwezi mmoja ugenini, porini, pasipo hata sindano ya kukataa. Leo mtoto wa mwanawe yuko njiani, sindano ipo, pesa ipo, na anayeikataa ni mkewe mwanawe kwa sababu ya sauti ya wifi. Wewe ungepiga simu mara ngapi kwa siku?

Mnaolewa siku hizi kama mtu anayenunua simu: mume mnamtaka, ukoo wake mnauona ni laini ya ziada ya kufungiwa. Mama mkwe akinyamaza, hajali. Akisema, anatawala. Zamani mwali alikaa na mama mkwe jikoni, wakachambua mchele pamoja, akazisikia huzuni za nyumba ile kidogokidogo, akajua kwa nini hapa hawali samaki fulani na pale hawapigi mbiu. Sasa mambo mazito yanakuja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kati ya tangazo la harusi na bei ya mkaa, na mke anasikia amri mahali palipokuwa na kilio. Nawaambia na wanaume pia. Mume wako amekosea: pesa ya tumbo la mkewe hapokei kimyakimya kisha akamwita mkaidi. Alipaswa kukuletea pesa na habari kwa pamoja, akae, mzungumze. Mwambie hivyo, mwambie shangazi amesema. Lakini kosa lake lisilipwe na mtoto. Wazee walisema mficha uchi hazai. Uchi unaoficha wewe ni kwamba wifi amekuzidi kisomo na kipato, na linakuuma. Linaumiza kweli, na si dhambi.

Fanya hivi. Wiki hii, usingoje mume arudi, zipigie simu hospitali mbili tatu za kulipia hapo Kampala, uliza kama wana chanjo ya kifaduro ya wajawazito. Kwa kifupi huitwa Tdap. Si wote wanayo, ndiyo maana upige kwanza. Nenda na kadi yako ya kliniki waone tarehe za ile ya pepopunda, na umwulize mkunga kila kinachokutisha, hata cha jirani. Ukikosa kabisa, bado una la kufanya: mtoto akifika wiki 6 umpeleke siku ileile, si wiki inayofuata. Mwenye kikohozi asimpakate, awe ni nani. Na kadi ya huyo mkubwa wako wa miaka mitatu itoe kabatini leo uikague, kwa sababu kifaduro kwa mchanga huingia na watu wa nyumbani, na yeye ndiye atakayelala karibu naye.

Wifi umwandikie neno moja, asante. Mengine yatakuja au hayatakuja.

Ila mama mkwe usimtumie ujumbe. Mpigie jioni, akishaswali, na uwe na muda. Usimwambie habari za sindano kwanza. Muulize yule mtoto wa Zaire aliitwa nani.