Koti tu, na tunatii?

SWALI: Mtu alipiga simu kazini akajiita mkaguzi kutoka makao makuu. Mwenzangu, msomi mzima, akamtajia nywila zote. Mbona hakuuliza hata jina?

JIBU: Usimcheke. Mwaka 1961, katika jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, watu waliamriwa kumpiga mwenzao shoti za umeme (za uongo, ila hawakujua). Kati ya 40, 26 walifika mwisho, volti 450, wengine wakitetemeka. Msimamizi alikuwa na koti la kijivu na sauti tulivu, basi. Anayetii hujiona chombo tu. Lawama anamwachia mkubwa. Tena shoti zilianza volti 15, zikapanda kidogo kidogo: utagomea wapi? Ila amri zilipotolewa kwa simu, wengi waligoma. Mwenzako kawapita! Siku nyingine akate simu, apige mwenyewe makao makuu kwa namba anayoijua.