Kipimo cha damu cha kansa ya figo, kipo au hakipo?

Mkuu pole kwa mzee. Umesema ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye figo, kreatini iko sawa, na unataka kipimo cha damu cha kumaliza ubishi kama ni kansa au siyo. Aisee hakipo, angalau siyo kwenye matibabu ya kawaida. Tezi dume wana PSA yao, kipimo cha damu kinachosaidia kugundua kansa ya tezi dume, figo bado.

Na hiyo kreatini isikulaze usingizi. Inaonyesha figo zinachujaje, sasa figo moja nzima inaweza ikabeba kazi yote na namba ikabaki safi huku mwenzake ana uvimbe, kwa mama yangu ilikuwa hivyohivyo. Kuna maabara ilitupiga seti nzima ya alama za kansa, CEA, AFP, CA 19-9, zote zikaja kawaida, nyumbani watu wakaanza kushangilia. Daktari wa mfumo wa mkojo hata hakumaliza kuisoma ile karatasi, akasema hizi ni za utumbo, ini na kongosho huko, nendeni CT skani ya dawa ya mshipani. CT ndo ikasema ukweli.

Ila vipimo vya damu vina maana, kazi yake kubwa ni kutabiri ugonjwa utaendaje. Kwenye majibu ya mama daktari alizungushia peni himoglobini iliyokuwa chini, chembe sahani (zile za kugandisha damu) juu na CRP juu. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa kwenye mapambano, hata maambukizi ya kifua yanaipandisha, ndo maana haiwezi kukugundulia kansa, lakini kansa ikishajulikana ipo, CRP inayokaa juu siyo dalili nzuri. Baada ya figo kutolewa ya mama ilishuka na daktari alifurahi kuliko sisi.

Kwa wagonjwa ambao kansa imeshasambaa mwilini madaktari wanahesabu vitu sita: himoglobini chini, kalsiamu juu, nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) juu, chembe sahani juu, mgonjwa hajiwezi, na dawa kuanza kabla ya mwaka kupita tangu agundulike. Huna hata kimoja uko kundi zuri, kimoja au viwili katikati, kuanzia vitatu hali ngumu. Kalsiamu usiidharau, maana baadhi ya hizi kansa zinatoa protini inayoiga homoni ya parathiroidi, ile inayopandisha kalsiamu kwenye damu, kalsiamu inapanda, mgonjwa anachanganyikiwa na kiu haiishi watu wanadhani sukari.

Inayonipa matumaini mimi ni KIM-1. Ni protini ya seli za vijifereji vya figo, zikijeruhiwa inamwagika kwenye damu na mkojo, na kansa nyingi za figo zinaanzia kwenye seli hizohizo. Mwaka 2018 watafiti walipima damu zilizohifadhiwa Ulaya za watu waliokuwa bado wazima, wale waliokuja kuugua KIM-1 yao ilikuwa imeshapanda, wengine hadi miaka 5 kabla. Pia ikibaki juu baada ya upasuaji inaendana na kansa kurudi. Tatizo figo ikiumia kwa sababu nyingine yoyote nayo inapanda, kwahiyo kumpima kila mtu mtaani utawatisha wengi bure, bado iko kwenye utafiti.

Kwahiyo CT kwanza, na kabla hajafanyiwa chochote omba picha kamili ya damu, kalsiamu, CRP na LDH (kimeng'enya kinachopanda seli zikiharibika), tunza karatasi zote maana baada ya upasuaji daktari atataka za kulinganishia. CT ikitoka andika hapa ukubwa wa uvimbe na wamesemaje kuhusu mshipa wa figo, kama uvimbe umeingia humo au la.