Walitukuta Tumelala Saa Nane Mchana

Mtu akiingia Kilwa Kivinje saa nane mchana atawakuta wanaume wamejilaza kwenye mabaraza na chini ya miembe, wengine wamejifunika kanga usoni kujikinga na nzi. Nimezaliwa katika mji huo wa pwani ya kusini mwa Tanzania, na tangu nikiwa mtoto nimewasikia wageni, wakiwamo walimu waliopangiwa kazi kwetu, wakiitaja picha hiyo kuwa ushahidi kwamba watu wa Pwani ni wavivu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ufukweni saa tisa usiku, wakati wanaume haohao walipokuwa wakipakia majarife kwenye madau kwa mwanga wa kandili, maji yakiwafika kiunoni, ili watoke na umande kabla jua halijachomoza. Wala hawakuwapo saa nne asubuhi, wakati maji yamekupwa na madau yameachwa nangani mbali, na wavuvi wanatembea kwenye tope na matenga ya samaki mabegani hadi waifikie nchi kavu. Mgeni alifika kazi imekwisha, akaondoka na alichokiona.

Nayaandika haya kwa sababu jina hilo la uvivu lilinigharimu karibu miaka miwili ya masomo, na kwa sababu nawaona wapwa zangu na watoto wa majirani wakipewa majina ya namna hiyo na kuyapokea kama nilivyoyapokea mimi. Jina analopewa mtu kwa ajili ya kabila, dini au mkoa wake halibaki masikioni; linaingia katika bidii yake, na baada ya muda linaonekana katika matokeo ya maisha yake, kisha watu hulitumia tokeo hilo kuthibitisha jina.

Mwaka 1996 nilijiunga na shule ya bweni katika mkoa mmoja wa kaskazini. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilikuwa halijajengwa, kwani lilifunguliwa mwaka 2003, na safari ya kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ilitegemea kivuko na huruma ya mvua. Safari yangu ya kwanza ya masika ilichukua siku tatu, na usiku wa siku mbili kati ya hizo niliulala ndani ya basi, kwenye foleni ya magari ukingoni mwa mto. Nilifika shuleni nimechelewa, na mwalimu wa zamu hakutaka kusikia habari ya mto. Aliniambia kwamba watu wa kwetu hawajui saa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilipata alama 31 katika mtihani wa hesabu. Mwalimu alipokuwa akirudisha karatasi alisimama kwenye dawati langu, akasema, "Watu wa Pwani na hesabu wapi na wapi? Ninyi mngetungiwa mtihani wa ngoma." Darasa likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kwa miaka mingi nililisimulia tukio hilo kama habari ya kuonewa, na kuonewa nilionewa. Lakini kuna jambo jingine ambalo ilinichukua muda mrefu kulikiri: nilipokaa chini na karatasi yangu nilihisi nafuu. Nilikuwa nimehangaika na hesabu kwa miezi, nikiamka usiku kurudia maswali yaleyale, na sasa mtu mzima mwenye elimu alikuwa ameniambia kwamba tatizo halikuwa katika kujitahidi kwangu; nilizaliwa hivyo, na sikuwa na deni tena. Dharau huuma mara ya kwanza, kisha huanza kumfaa anayedharauliwa, na hapo ndipo hatari inapoanza, maana jina baya lina kivuli, na mtu aliyechoka hukaa kivulini.

Nilikaa kivulini humo tangu siku hiyo hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Wenzangu Wachaga wa Rombo na Machame, huko Kilimanjaro, walikuwa wakikosa swali wanabaki darasani baada ya masomo ya jioni, wakibishana mpaka taa zizimwe, kwa sababu katika fikra zao swali lilikuwa lao na jibu lilikuwa lao, limechelewa tu. Mimi nikikosa swali hilohilo nilifunga daftari. Hatukutofautiana akili. Tulitofautiana katika maana ambayo kila mmoja wetu aliipa shida iliyokuwa mbele yake: kwao ugumu ulimaanisha kwamba kazi ni kubwa, na kwangu ulimaanisha kwamba nimeingia pasipo pangu.

Aliyenitoa humo ni babu yangu, ambaye alikuwa nahodha na hakupata kukaa darasani isipokuwa chuoni, kwenye Kurani. Likizo ya Desemba ya mwaka huo nilimweleza, nusu kwa kujitetea, kwamba nafeli hesabu kwa kuwa hesabu si jambo la watu wa kwetu. Hakunijibu papo hapo. Tulikuwa tumekaa ufukweni anatia viraka tanga, akaniuliza mwezi umeandama lini. Nikamwambia Jumatatu. Akasema, "Haya, mwenzangu. Mwezi unapoandama maji hapa hujaa saa kumi alfajiri. Kila siku yanachelewa robo tatu ya saa na kidogo. Ijumaa yatajaa saa ngapi?" Nikahesabu siku nne, nikapata nyongeza ya saa tatu, nikamjibu kwamba yatajaa saa moja asubuhi na kidogo. Akaniuliza tena, je, siku kumi na tano tangu kuandama? Nikapiga robo tatu mara kumi na tano, nikamwambia yatajaa saa tisa na robo mchana. Akatikisa kichwa. "Umeisahau ile kidogo. Siku moja haina neno. Zikifika kumi na tano imekuwa robo tatu nzima. Maji yatajaa saa kumi kamili, na wewe chombo chako ulishakitoa mapema, kimekwama kwenye tope na watu wanakutazama." Kisha akaendelea kushona. Baadaye, bila kuniangalia, akauliza, "Nani kakwambia hesabu si za kwetu?"

Sina haja ya kuikuza habari hii. Sikurudi shuleni nikawa wa kwanza. Nilimaliza kidato cha nne na alama C ya hesabu, nikaendelea kidogo kidogo, na leo ni mkadiriaji majenzi, kazi ambayo kosa dogo la kila siku likiachwa huwa kosa kubwa mwishoni mwa mradi, kama alivyosema babu. Kilichobadilika Desemba ile ni kwamba ugumu wa swali haukuniambia tena mimi ni nani.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1999 Margaret Shih, Todd Pittinsky na Nalini Ambady walichapisha utafiti walioufanya Marekani kwa wanafunzi wa kike wenye asili ya Asia, watu waliobeba majina mawili yanayopingana, moja likisema watu wa Asia ni hodari wa hesabu na jingine likisema wanawake si hodari. Waliokumbushwa asili yao kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko waliokumbushwa kwamba ni wanawake, ingawa mtihani ulikuwa uleule. Majaribio ya kurudia utafiti wa namna hii hayakutoa matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo sishauri mtu yeyote ategemee maneno matamu kabla ya mtihani. Ninachokiamini, kwa kuwa nimekiishi, ni kwamba mtu mmoja hubeba vitambulisho vingi, na si jambo dogo kipi kati ya hivyo kinakaa naye mezani anapofanya kazi.

Kama nawe umepewa jina la namna hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni kulichunguza kwa maswali ya kawaida: nani alilitoa, aliona nini, na aliona saa ngapi. Mengi hayavuki swali la tatu. Kisha soma historia ya kwenu, maana bila historia mtu huyaona matokeo na kuyadhani ni maumbile. Mimi niliisoma ya kusini nikiwa mtu mzima, na ilinisikitisha kwamba sikuisoma mapema. Kilwa Kisiwani, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, ulikuwa mji uliopiga sarafu zake wenyewe na ambao msafiri Ibn Battuta wa Morocco aliufikia mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake. Mwaka 1905 watu wa vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, walikataa kulimishwa pamba kwa nguvu, na Vita vya Majimaji vilipokwisha mwaka 1907 majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamechoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi zaidi ya waliouawa kwa risasi. Miaka hiyohiyo huko Kilimanjaro shule za misheni zilikuwa zikiongezeka na kahawa ilikuwa ikianza kushika, na mwaka 1925 wakulima Waafrika wakaanzisha umoja wao, ambao mwaka 1933 ulizaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Wachaga walifanya kazi kweli na hakuna anayeweza kuwapunguzia sifa hiyo. Lakini jasho lao lilikuta barabara, bei na ushirika. Kwetu, hata reli iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga Nachingwea, uliovunjika mwaka 1951, ilifungwa miaka ya 1960.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya ndugu zangu hawalipendi. Historia ikishaeleza tulivyofika hapa, haiwezi kugeuzwa kuwa baraza jingine la kujilaza. Nimewahi kumsikia kijana anakataa kazi kwa kusema riziki mafungu saba, na nimejua kwamba hilo si neno la babu, kwa kuwa babu aliliamini fungu lake na bado aliamka saa tisa usiku kulifuata. Nimeona fedha za korosho zinaingia Novemba na kuisha kabla ya Februari kwa ngoma na harusi, ilhali ada na madaftari yanatafutwa kwa mkopo. Unyago nao naupenda na sitaki ufe, kwa maana ndani yake mna mafunzo ambayo shule haiwezi kuyatoa. Lakini mwali anapotolewa darasani katikati ya muhula, aliyemwonea ni sisi na si mila. Katika ukoo wetu tulikaa na makungwi wa unyago, tukakubaliana kwamba wasichana wachezwe baada ya mtihani wa darasa la saba, kabla ya kuanza sekondari. Bibi zetu hawakupinga. Walisema zamani nao walikuwa wakisubiri mavuno yaishe.

Na jina zuri nalo lina mzigo wake. Rafiki yangu mmoja wa Marangu, tuliyesoma naye, amebeba maisha yake yote jina la Mchaga mtafutaji. Watu hutania kwamba Wachaga hurudi nyumbani Desemba kuhesabiwa, naye mwaka ambao biashara yake ya vipuri ilianguka alikopa fedha kwa riba kubwa ili apande mlimani na gari, achinje, na asionekane ameshindwa. Deni lile lilimsumbua kuliko kuanguka kwa biashara. Aliniambia kwamba wewe Mswahili ukifilisika watu watasema ni kawaida yenu, lakini mimi nikifilisika nimeacha kuwa mtu wa kwetu. Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo nikiwasifu watoto najitahidi kuitaja kazi waliyoifanya, ukurasa waliourudia au swali walilolishinda, badala ya kuwaambia kwamba wao ni watu wa namna fulani.

Ushauri wangu mwingine ni mdogo na wa vitendo. Ukitaka kujenga tabia ngumu, iegemeze kwenye jambo ambalo watu wako tayari wanaliheshimu. Nilishindwa kabisa kuweka akiba kwa njia nilizofundishwa kwenye semina za kazini. Kisha nikakumbuka upatu wa mama yangu na wenzake, wanawake waliokuwa wakisuka ukili na kushona mikeka, na ambao katika utoto wangu wote sikusikia hata mmoja wao amekosa zamu, kwa kuwa kukosa ilikuwa ni kumwangusha mwenzako mbele ya watu. Nikaanzisha upatu na wenzangu saba kazini, na kiwanja nilichonacho nilikipata kwa fedha hizo. Aibu ile ya kumwangusha mwenzangu ilinitia nguvu kuliko hesabu zote za riba.

Mwaka huu mpwa wangu yuko kidato cha pili, mbali na nyumbani, na mwezi uliopita alinipigia akisema, "Mjomba, huku wanasema sisi wa Pwani tunalala mno." Nikamsihi asigombane na mtu. Nikamwomba ampigie simu baba yake, ambaye bado anavua, amuulize jana alifanya nini tangu saa tisa usiku hadi saa nne asubuhi, kisha aandike kila alichoambiwa, pamoja na uzito wa tenga na umbali wa kutembea topeni. Alinitumia kurasa mbili. Mwishoni aliuliza kwa nini maji ya siku ya kumi na tano yanarudi saa kumi, na kama kuna njia ya kuonyesha hilo kwa mchoro.